Mgeni wa Nguzo ya Kwanza

10 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wewe na Mama mkiwa wazima, goti lako limetulia na Mama bado anakuficha ngazi. Huku kwetu tunaendelea vizuri. Mafua yaliyonikamata mwezi uliopita yameniacha, yamehamia kwa mwalimu mkuu, na sasa anatufokea kwa pua.

Mume wangu ananicheka kila akiniona nimekaa na kalamu. Anasema mzee ana simu, mpigie. Nikamwambia wewe humjui baba yangu. Kwake simu ni ya misiba. Habari nzuri huandikwa.

Baba, mtihani umekwisha! Darasa langu la nne wamemaliza mtihani wa taifa. Unajua shule yetu ilivyozoea kushika mkia. Mwaka jana ilibidi mtu afunue ukurasa wa mwisho wa orodha ndipo atuone. Mwaka huu nimewafundisha mpaka sauti imekauka, asubuhi kabla ya kengele na mchana wenzao wakicheza. Basi wametoka kwenye chumba cha mtihani wakicheka. Wametoka kwenye hesabu wakicheka, Baba!

Na sikiliza hili. Swali la nguzo limekuja. Sisimizi, yule binti mdogo wa kiti cha mbele anayeuliza maswali mpaka nasahau nilikuwa nafundisha nini, alinikimbilia uani akinisimulia: bustani ya mviringo, kuizunguka ni mita mia moja na ishirini, nguzo moja kila baada ya mita sita, je, zinahitajika nguzo ngapi? "Tukagawanya, mwalimu, tukapata ishirini, halafu tukamkaribisha mgeni!" Na wenzake nyuma yake wakaitikia, "Mgeni!" Nilikusikia wewe kabisa. Nilijiona nimekaa dawati la pili darasani kwako, nikiogopa kukuita Baba mbele ya watu.

Matokeo ni katikati ya mwezi ujao. Tuombeeni.

Mwanao,
kitinda mimba wako.


19 Oktoba

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Sisi wazima kabisa. Goti ni goti tu, likipata mvua linalalamika, likipata jua linalalamika, nimeliacha na tabia yake. Mama yako anakusalimia, anasema uache kwenda kazini na chai tupu.

Barua yako nimeisoma, nikamsomea mama yako, nikamsomea na jirani ingawa hakuomba. Umenipa furaha. Watu wanadhani yule mgeni nilimtoa kitabuni. Nilipoanza kazi, watoto walikuwa wakigawanya na kuishia hapo. Mstari wa mita kumi, mti kila mita mbili, wanakwambia miti mitano. Unawasahihisha leo, kesho wamerudi kwenye tano. Siku moja nikawatoa uani, nikawapanga mstari mkono kwa mkono, nikasema hesabuni mikono iliyoshikana. Wakahesabu. Sasa hesabuni vichwa. Vichwa vimezidi kimoja! Wakashangaa kama wameona mazingaombwe. Nikawaambia yule wa mwanzo ni mgeni, alifika kabla hatujaanza kuhesabu, na mgeni hatupwi nje. Gawanya, kisha mkaribishe mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenikosea nguzo.

Mama yako, kwa kuwa hapendi kuniona nikijisifu peke yangu, anasema niandike pia kwamba uzio wetu wenyewe umelala chini tangu mwaka juzi. Nimeandika.

Matokeo yakitoka usikawie.

Baba yako.


16 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaumwa. Jana nilishika simu nikairudisha mezani. Hili siwezi kulisema huku nikisikia unavyopumua.

Matokeo yametoka, yetu hayapo. Kwenye jina la shule yetu wameandika "yamezuiliwa". Mwalimu mkuu aliitwa ofisi ya mitihani, akarudi amenywea. Aliniita chumbani kwake akafunga mlango, na mlango ule haujafungwa tangu nianze kazi hapa kwa sababu kitasa ni kibovu. Aliuegemezea kiti.

Wanasema tumeiba mtihani. Shule iliyokuwa ya mwisho imepata alama za juu ghafla, hilo peke yake liliwakunisha vichwa. Lakini kilichotumaliza ni swali la nguzo. Karibu darasa zima wamelikosa, Baba. Waliokosa wote wameandika ishirini na moja, na kwenye nafasi ya kuonyesha njia wote wameandika kitu kilekile: ishirini, jumlisha moja, mgeni. Hakuna shule nyingine yenye mgeni huyo. Msahihishaji amekutana naye karatasi baada ya karatasi, akaamua kwamba kuna mtu mzima aliyewaandikia majibu ubaoni, tena mtu mzima asiyejua hesabu. Waliopata ni wawili tu, na wote wawili ni wale ambao huwa hawanisikilizi nikifundisha.

Mwanzoni nilibisha. Nilimwambia mwalimu mkuu jibu ni hilohilo, ishirini na moja, nimefundishwa na baba yangu. Akatoa vizibo vya chupa, vile vya kuhesabia vya darasa la kwanza, akapanga sita kwa duara juu ya meza. Hesabu mapengo. Sita. Hesabu vizibo. Sita. Nikarudia mpaka akanionea huruma. Kwenye mstari mgeni yupo, Baba. Lakini ukizunguka ukarudi ulikoanzia, nguzo ya mwisho unayoifikia ndiyo ileile ya kwanza. Hakuna wa kuongeza. Sijui nikwambieje kwa upole zaidi ya hapa. Sentensi hii nimeiandika na kuikata mpaka karatasi imechoka.

Sasa sikia tulipofika. Ofisi itamtuma mkaguzi tarehe mbili Desemba, awape watoto swali kama lile. Wakikosa vilevile, itaonekana ndivyo walivyofundishwa, na matokeo yao yatatolewa. Wakipata, basi itaonekana mwezi wa kumi waliandikiwa. Matokeo yatafutwa, watoto wote watarudia darasa la nne, na mimi nitaondolewa. Mwalimu mkuu ameniambia mada ile nisiiguse hata kwa fimbo. Yaani nisimame mbele ya watoto wangu kila siku, nikijua wamebeba kosa nililowapa mimi, niwatazame tu.

Nifanye nini, Baba?

Mwanao.


20 Novemba

Mwalimu,

Salamu zimefika. Sisi wazima.

Nimefundisha hesabu tangu hujazaliwa. Niliowafundisha wanajenga, wanatibu, wanafanya biashara, na hakuna hata mmoja aliyerudi kunilalamikia. Nguzo ya kwanza ni nguzo ya kwanza, iwe kwenye mstari, iwe kwenye duara, iwe mwezini. Huyo mwalimu mkuu wako na vizibo vyake akacheze na watoto wa chekechea. Kupewa cheo si kupewa akili.

Sina zaidi.

Baba yako.

Mwanangu, huku nyuma ya karatasi ni mama yako. Kaniambia nifunge bahasha, nami nikaona nafasi imebaki. Usilie. Ana hasira kwa sababu hajalala vizuri. Tangu alfajiri yuko kwenye tuta langu la mboga, lile la duara, anachomeka vijiti. Akimaliza anaving'oa, anaanza tena. Mboga zangu zimekwisha kwa kukanyagwa. Simuulizi kitu. Mama.


24 Novemba

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Mumeo hajambo? Na watoto wa darasani hawajambo? Naanza na salamu ndefu maana barua iliyopita haikuwa na salamu za maana, na mtu asiyesalimia vizuri ana jambo.

Umesema kweli. Nilizungusha vijiti kwenye tuta la mama yako, nikabaki na kimoja mkononi. Nikasema nimepima vibaya. Nikapima upya kwa kamba, nikabaki na kimoja. Mama yako akatoka, akakitazama kile kijiti, akanitazama mimi, akarudi ndani bila neno. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona akiacha nafasi kama ile impite.

Nimeona aibu, mwanangu, sikufichi. Si aibu ya kukosea. Kosa moja haliachi mke. Aibu yangu ni kwamba nililifundisha kwa madaha. Niliwaimbisha. Hakuna mtoto aliyepata mwanya wa kuniuliza, kwa sababu wote walikuwa wanafurahi, na mimi nikifurahi kuliko wao.

Uliniuliza ufanye nini, nikakujibu kwa hasira ambayo haikuwa yako. Jibu langu ni hili: wafundishe. Waambie kosa ni la babu yao wa hesabu. Mtoto akikosa na mwalimu hajui, hiyo ni bahati mbaya. Akikosa na mwalimu anajua, kakaa tu anatazama kalenda, huo sio ualimu. Samaki mkunje angali mbichi.

Najua ni rahisi kusema nikiwa kibarazani kwangu, mshahara wangu nilishaumaliza. Lakini umeuliza.

Baba yako.


28 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mboga za Mama zinachipua tena. Barua yako niliisoma ofisini kwa walimu, ikabidi nigeukie ukutani. Sikujua kama kuna siku kijiti kitakunyamazisha. Nacheka huku nalia, usinikasirikie.

Lakini Baba, siwezi. Mama yake Sisimizi ni dobi. Alikuja shuleni mikono bado ina mapovu, akaniambia, "Mwalimu, kwetu huyu ndiye wa kwanza kushika kitabu bila kuambiwa. Akirudishwa darasa, baba yake atasema shule haina faida, atamtoa aje kufua na mimi. Fanya lolote." Fanya lolote, Baba. Na hilo lolote lenyewe ni kunyamaza tu siku chache. Mkaguzi akishaondoka nitawafundisha siku hiyohiyo, kabla vumbi la gari lake halijatulia. Kosa la siku nne litamuua nani?

Ila jana, katikati ya somo la lugha, Sisimizi akainua mkono. "Mwalimu, kwenye duara mgeni anakaa wapi? Nimechora nyumbani, sijamwona." Nikamwambia, "Hilo si somo la sasa. Kaa." Hajawahi kuambiwa hivyo na mimi. Akakaa, akaandika kitu, akakifuta. Mpaka tunafunga vipindi hakuinua mkono tena.

Niombee. Na usinijibu, nakuogopa.

Mwanao.


3 Desemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mkaguzi alikuja jana. Nianzie mwisho ili usihangaike: hatujui bado.

Niliamka nimeshaamua kunyamaza. Nikavaa gauni langu la mikutano. Nikaingia darasani kukagua kucha na kola, nikamwona Sisimizi kakaa, mikono kaipakata, kimya kama mtoto aliyepelekwa ugenini. Nikasema wote nje.

Niliwapanga duara uani, nikawaambia wahesabu mikono iliyoshikana, halafu vichwa. Wakahesabu. Wakahesabu tena. Sisimizi ndiye aliyesema: "Hayupo." Nikawaambia kweli, hayupo. Kwenye mstari yupo, kwenye duara hayupo. Mimi nilikosea, na aliyenifundisha alikosea, naye amekubali. Mmoja akauliza kama babu huyo alichapwa. Nikasema amejichapa mwenyewe. Wakaridhika. Mwalimu mkuu alikuwa dirishani, kashika kichwa.

Mkaguzi ni mama mmoja mwembamba, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni, hana maneno mengi. Akaandika swali lake ubaoni: bwawa la mviringo, miti kulizunguka. Watoto wakajibu. Akakusanya karatasi, akapekua, akapekua, akavua miwani. Wote wamepata, hata wale wasionisikiliza. Akaniambia, "Hongera, mwalimu," na sijawahi kusikia hongera iliyouma vile.

Nikamweleza yote: wewe, mgeni, vizibo, asubuhi ileile uani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, mimi nakuamini. Lakini nikirudi na karatasi hizi, kamati itaona watoto waliofundishwa ili kufunika jambo. Maneno yako hayana shahidi." Kamati inakaa tarehe kumi na mbili. Mama yake Sisimizi nilimwendea mwenyewe nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema, "Sawa, mwalimu," ile sawa ambayo si sawa, akarudi kwenye beseni lake.

Sijutii, Baba, ila naogopa sana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo usinipe pole. Niandikie tu.

Mwanao.


14 Desemba

Mwanangu,

Marahaba zote ambazo sikukujibu. Usininunie kwa ukimya, nilikuwa safarini, mimi na goti langu. Hatujambo. Mama yako hajambo, ila amenuna kwa sababu sikumchukua.

Watoto wako matokeo yao yanatolewa Ijumaa. Mkaguzi wako ameniambia kwa mdomo wake, mbele ya kamati nzima. Swali la nguzo linabaki na kosa lake, na ndivyo inavyostahili. Mengine yote ni jasho lao. Hakuna anayerudia darasa, na wewe hakuna anayekuondoa. Kamwambie yule dobi kwanza, kisha urudi ukae chini uendelee kusoma.

Umekaa? Ulisema maneno yako hayana shahidi. Nikawaza, mbona mashahidi ninao, wamejaa mji huu mzima. Nikamwendea fundi seremala, nikamwendea nesi wa zahanati, nikamwendea mama mwenye duka la vitambaa. Wote niliwafundisha. Nikawaambia, "Mwalimu wenu ana shida, anataka watu wa kusafiri naye." Sikuwaambia shida gani. Fundi alifunga karakana. Nesi alibadilishana zamu. Mwenye duka aliuliza, "Shida yenyewe ni ya kupigana, mwalimu? Nibadili viatu?" Nikamwambia hapana, ni ya kukaa.

Pale ofisini nilimwomba mkaguzi awape swali lilelile la bustani, kila mmoja chumba chake, na mimi nikae nje nisionane nao. Kwenye kamati kuna kijana mmoja wa tai, akasema, "Mzee, hawa ni watu wazima, mtihani wao ulishaisha." Nikamwambia, "Wao ndiyo. Wangu bado." Mwenyekiti wa kamati akaagiza karatasi tatu.

Nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Mkaguzi alipotoka alikuwa na karatasi tatu mkononi, na miwani kaivua. Ishirini na moja. Ishirini na moja. Ishirini na moja. Na mgeni kaandikwa kwenye kila moja. Mwenye duka alimchora kabisa, na kofia kichwani. Yule kijana wa tai akaanza kucheka, akanitazama, akaacha. Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee, hii ni kazi yako?" Nikasema ni yangu, na binti yangu aliipata kwangu, na watoto wakaipata kwake. Akazipanga zile karatasi vizuri, akasema, "Basi watoto hawakuiba."

Nje getini ilibidi niwaambie wale watatu ukweli. Nikataka kuwapanga duara, lakini duara la watu watatu ni pembetatu, tukamwomba askari wa geti, na yule wa tai akaja mwenyewe bila kuitwa. Wakahesabu mikono, wakahesabu vichwa. Nesi akaziba mdomo. Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu, kila nikijenga zizi la duara nabakiwa na nguzo moja. Nasema huyu ndiye mgeni, namchongea kigoda. Nyumba yangu vigoda vimejaa hakuna pa kupita!" Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniuliza. Akasema alidhani ni faida.

Wamenisamehe, nadhani. Mwenye duka alinishika mkono mpaka tunafika nyumbani, akasema ni kwa ajili ya goti.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni cha pale kwenye benchi. Miaka yangu yote ya kazi, wanafunzi wangu wakiwa ndani ya mtihani, mimi nilikuwa nje nikiwaombea wapate. Siku ile nilikaa nje ya ile milango nikiwaombea wakose. Na wamekosa wote, mwanangu. Hakuna hata mmoja aliyeniangusha.

Ni mimi,
baba yako na mwalimu wako.